Moja, Nane, Nne, Tatu

Jumamosi, usiku

Gari limewaka, na limewaka vizuri. Naandika mikono ikinuka petroli. Mke wangu ameshaniita mezani mara mbili, lakini hili sitaki lilale bila kuandikwa.

Ni Dodge Dart ya 1970, ya milango miwili, injini V8, yaani silinda nane katika safu mbili, ya inchi za ujazo 318, sawa na lita 5.2. Nililipata miaka mitatu iliyopita hapa Michigan, kwenye banda la mzee mmoja, sakafu imeliwa na kutu hata ukikaa kiti cha dereva unaona ardhi katikati ya miguu yako. Wajuzi watasema Dart ya 318 haijaingia kwenye ukoo wa magari ya misuli, yale ya Kimarekani yaliyotiwa injini kubwa kupita kiasi, kwamba inayostahili jina hilo ni ile ya 340. Wana haki yao. Gari lililonitia wazimu huu ni Charger ya 1968, na Charger ya 1968 siwezi kuimudu. Dart ni mdogo wake. Ukichungulia kwenye kioo cha mbele, juu ya dashibodi upande wa dereva, utaona kibati chembamba chenye namba ya gari. Herufi G inasema injini ni 318, sifuri inasema mwaka ni 1970, na B inayofuata inasema kiwanda ni cha Hamtramck, mji mdogo uliomo tumboni mwa Detroit. Humo humo ziliundwa Charger pia.

Wazimu wenyewe ulianzia kwenye karatasi ya karanga.

Baba alikuwa fundi Ngamiani, Tanga. Gereji yake ilikuwa mwembe, benchi, na kabati la spana lenye kufuli. Wagonjwa wake walikuwa Peugeot 404, Land Rover, na malori ya Bedford yaliyobeba mkonge. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa nimeshaukariri wimbo wa silinda nne, zamu ambayo kila moja huwaka: moja, tatu, nne, mbili. Baba aliniimbisha huku nikimkabidhi waya za plagi, na nikikosea alinyamaza tu, mkono ameunyoosha, mpaka nijirekebishe mwenyewe. Hakuwahi kunichapa kwa kosa la gereji. Alisema injini itakuchapa yenyewe.

Siku hiyo karanga zilikuja zimefungwa kwenye ukurasa wa jarida la kigeni. Nilipomaliza kula nikaukunjua. Gari jekundu, limepigwa picha kwa ubavu. Kiuno kimeminywa katikati kisha kikavimba tena juu ya tairi za nyuma. Taa za mbele hazionekani, zimejificha nyuma ya grili, kwa hiyo uso wote ni shimo moja jeusi. Na ile boneti! Chini kulikuwa na maandishi niliyoyasoma herufi kwa herufi: Dodge Charger, 1968, na namba 440. Nikampelekea baba. Alifuta mikono kwanza, akaushika ukurasa kwa ncha za vidole, akautazama muda mrefu, kisha akauliza, "Boneti yote hii, ndani mna nini?"

Sikuwa na jibu. Ukurasa ukabandikwa ndani ya mlango wa kabati la spana, na kila kabati lilipofunguliwa nililiona lile gari na lile swali likanirudia. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba 440 ni inchi za ujazo, yaani lita 7.2. Peugeot 404 ilikuwa na lita 1.6. Ndani ya boneti ile zingeingia injini nne za Peugeot na chenji ikabaki.

Sauti yake niliisikia nikiwa na miaka thelathini na moja, mwaka wangu wa kwanza Michigan. Rafiki wa kazini alinichukua hadi barabara ya Woodward, Jumamosi ya tatu ya Agosti. Barabara hiyo inatoka katikati ya Detroit inakwenda hadi mji wa Pontiac, na kila Agosti tangu 1995 wenye magari ya zamani hukusanyika huko wakatembea polepole kutwa nzima, watu wamekaa kandokando kwenye viti vyao vya kukunja. Nilikuwa nimesimama kwenye taa, Charger ya kijani ikasimama mbele yangu. Ilikuwa kwenye sailensi tu, dereva hajakanyaga mafuta. Ule mvumo niliupokea kifuani kabla haujafika masikioni. Haukuwa sawasawa kama wa 404, uliokwenda kama cherehani. Ulikuwa unachechemea kwa makusudi, du-du, du, du-du, kama mtu mzito anayejua anakokwenda. Taa ikawaka kijani, gari likaondoka. Nilibaki pale nimeshika mfuko wa maji ya kunywa, machozi yananilenga, na yule rafiki yangu, Mungu ambariki, hakuniuliza kitu.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata. Kinachonivutia zaidi ni kwamba magari haya yalizaliwa kwa ukaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors ilikuwa na kanuni kwamba gari lake la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi 330. Kule Pontiac, tawi la General Motors lenye jina sawa na ule mji, John DeLorean na wahandisi wenzake wakaona injini ya inchi 389, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari makubwa, inaingia vizuri tu kwenye Tempest ya ukubwa wa kati. Hawakuomba ruhusa ya kuunda gari jipya. Waliiuza injini ile kama nyongeza ambayo mteja anaichagua mwenyewe, kwa sababu nyongeza hazikupitia kwa wakubwa. Wakaiita GTO. Mwaka huo wa kwanza, 1964, ziliuzwa zaidi ya 32,000, na baada ya hapo hakuna mkubwa aliyethubutu kuuliza.

Na yalikuwa magari ya watu wa mshahara. Hili nalishikilia sana, kwa sababu leo yamekuwa vito vya matajiri. Kampuni ya Plymouth walipotoa gari la Road Runner kwa mwaka 1968 waliondoa kila pambo: sakafu ya mpira badala ya zulia, kiti cha benchi mbele, bei chini ya dola 2,900. Pesa iliyookolewa iliingia kwenye injini, inchi 383, nguvu ya farasi 335. Kijana wa kiwandani aliweza kulilipia kidogo kidogo. Mwaka 2014 Plymouth moja ya 1971, 'Cuda ya kufunua paa yenye injini ya nguvu iitwayo Hemi, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Nimewahi kuona za namna hiyo kwenye maonyesho, zimezungushiwa kamba. Haziwashwi. Naumia kuona gari limekaa kimya namna ile.

Mwisho wa magari haya ulikuja haraka. Mwaka 1970 Chevelle SS ya General Motors ilifika farasi 450, na mwaka uliofuata General Motors walikuwa tayari wanapunguza mgandamizo wa injini zao ili zikubali petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa. Sheria za hewa safi zilikuwa zinakuja. Bima za vijana zilipanda hata zikakaribia kulingana na mkopo wa gari lenyewe. Oktoba 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta, na foleni za vituoni zikamalizia kilichobaki.

Ila kuna jambo ambalo kwenye mikusanyiko ya Woodward silisikii likisemwa, nami siwezi kufunga boneti bila kulikumbuka. Kiwanda kile cha Hamtramck, kilichoitwa Dodge Main, kilikuwa na maelfu ya wafanyakazi Weusi, wengi wao wamewekwa kwenye kazi ngumu na chafu kuliko zote. Mei 1968, mwaka ule ule wa gari la kwenye ukurasa wangu, wafanyakazi wa kiwanda waligoma kwa sababu mstari wa uundaji uliongezwa kasi. Kutokana na mgomo huo Weusi wakaanzisha umoja wao, Dodge Revolutionary Union Movement, na herufi zake za mwanzo ukiziunganisha zinasomeka DRUM, ambayo kwa Kiswahili ni ngoma. Kiwanda kilifungwa 1980, mwaka uliofuata kikabomolewa. Nilikwenda kupaona. Hakuna tofali hata moja la kushika. Nilichonacho ni herufi B kwenye kibati, na mikono ya watu nisiowajua iliyobana nati ninazozifungua mimi.

Hiyo ngoma ndiyo iliyonifikisha kwenye simu ya leo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasugua manifoldi ya hewa kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Tope la oili lilipotoka, namba zikajitokeza zimechomoza kwenye chuma chenyewe: 1 8 4 3 6 5 7 2. Mpangilio wa moto, ule wimbo wa baba kwa silinda nane. Kiwanda kiliuandika palepale, asije fundi akasahau. Nikakaa juu ya tairi nikautazama. Silinda za witiri ziko safu ya kushoto, moja, tatu, tano, saba. Za shufwa ziko kulia. Nikaanza kuzipiga kwenye paja, witiri mkono wa kushoto, shufwa mkono wa kulia: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia. Nikarudia. Mara ya tatu mikono ikaanza kwenda yenyewe. Kumbe ule mchechemeo wa Woodward ndio huu! Kila upande una ekzosi yake, na mapigo hayapokezani mkono kwa mkono. Mahali fulani mkono mmoja unapiga mara mbili mfululizo, kisha zamu ya mwingine. Ni ngoma hasa. Nikamtumia baba sauti ya kupiga paja, na namba zake. Akanijibu siku ya pili kwa sauti ya vidole juu ya meza, bila neno hata moja, amepiga sawasawa.

Leo nilirudisha kabureta na disitribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, nikavuta waya mpya za plagi, nikawasha. Likawaka, lakini linatetemeka, linakohoa kwenye kabureta, na nikipiga resi ndiyo linazidi. Nikabadilisha plagi mbili. Nikachezea taimingi saa nzima. Saa tisa alasiri, huko Tanga ikiwa saa nne usiku, nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unapiga kelele?"

"Niko kwenye gari. Linamisi. Nikuwekee usikie?"

Nikaweka simu karibu na mdomo wa ekzosi. Akasikiliza muda. Kisha akasema nisogeze upande wa pili. Nikasogeza. Nikamsikia anagonga meza, anasimama, anaanza upya.

"Hiyo siyo silinda moja," akasema. "Ya silinda moja ni kishimo. Hapo mna shimo la kuingia mtu. Yanapotea mapigo mawili, na yamefuatana. Mkono wa kushoto unapiga mara mbili wapi?"

"Tano na saba."

"Zimekaaje?"

"Zimepakana, baba. Nyuma kabisa."

Hakusema kitu. Mkono ameunyoosha, ingawa sikuuona. Nikazima injini, nikainama kule nyuma ambako mwanga haufiki, nikafuata waya ya tano kwa kidole kutoka kwenye disitribyuta. Ilikwenda saba. Ya saba ilikwenda tano. Nilikuwa nimezibadilisha mwenyewe, kwa haraka zangu.

Nikazirudisha. Nikawasha.

Siwezi kuiandika ile sauti, nimejaribu mara tatu hapa nikafuta. Nikaweka simu juu ya paa. Kwa mbali, Tanga, nikamsikia mama kutoka ndani anauliza kelele gani hiyo usiku huu, na baba anamwambia, "Ndiyo ile ya kwenye kabati."

Kisha akasogea kwenye simu.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Haya, washa tena."