Siku Moja Maishani Mwangu: Mrija Uliogoma Kuwaka, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Julai ya Mbeya haina huruma. Ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima Loleza nilipopanda daladala kutoka Uyole, nimejitanda kitenge juu ya sweta. Ninafanya kazi katika maabara ndogo ya mafunzo, na wiki hii nina jukumu moja tu: kuifanya RNA, yaani nakala ya ujumbe wa jeni, iwake.

Saa 2. Nilitoa kwenye friji rangi iitwayo DFHBI nikaiacha mezani iyeyuke. Nusu saa baadaye ilikuwa bado jiwe, kwani imechanganywa katika DMSO, kimiminika ambacho huganda kwenye nyuzijoto 18 na ushei, na chumba chetu asubuhi za Julai hakifiki hapo. Ikabidi niufumbate mrija kiganjani, glavu na yote, kama anayepasha yai.

Rangi hiyo ikiwa peke yake karibu haiwaki kabisa. Huwaka inapobanwa na aptama, yaani uzi mfupi wa RNA uliojikunja kwa umbo mahususi, na muundo wa rangi yenyewe uliigwa kutoka kwenye kiini cha protini ya kijani ya konyeza wa baharini. Kundi la mtafiti Samie Jaffrey nchini Marekani lilitangaza aptama ya Spinach mwaka 2011, kisha Broccoli mwaka 2014. Baadaye likaleta Corn, na wengine wakaleta Mango na Pepper, hata orodha nzima ikafanana na genge la Mwanjelwa. Mimi natumia Broccoli kwa kuwa ni fupi, nukleotidi (vipande vinavyounda RNA) 49 tu, hivyo ni rahisi kuiunganisha kwenye mkia wa RNA nyingine.

Saa 3. Nilichanganya DNA, nukleotidi na kimeng'enya cha T7, kinachoandika RNA kutoka kwenye DNA, nikaweka kwenye nyuzijoto 37 kwa saa mbili. Faida ya aptama ni hii: anayebuni saketi za jeni, yaani jeni zilizopangwa ziwashwe na kuzimwa kama taa, hutaka kujua kama swichi yake imewasha jeni au la, na akitegemea protini inayong'aa hulazimika kusubiri itengenezwe, ijikunje na ikomae. Aptama humpa jibu mara tu RNA yake inapoandikwa na kujikunja.

Saa 5. Giza. Nilimulika kwa taa ya bluu, nikachungulia kupitia kioo cha rangi ya chungwa, sikuona kitu. Mwanafunzi wetu akasema kwa upole, "Dada, labda mikono yetu imeila." Hakukosea kushuku, kwa sababu ngozi ina vimeng'enya vinavyokata RNA, lakini tulipoipitisha kwenye jeli, inayotenganisha RNA kwa urefu, mstari wake ulionekana mzima. RNA ilikuwapo, ila haikuwaka.

Saa 7. Wali na maharage kwa mama ntilie. Sikuongea sana.

Saa 8. Hatimaye nilifanya nilichopaswa kufanya asubuhi, nikasoma kibandiko cha bafa, yaani mchanganyiko ambamo kimeng'enya hufanyia kazi: Trisi, magnesiamu, spermidini, DTT. Potasiamu haimo. Kumbe ndani ya Broccoli guanini, mojawapo ya herufi nne za RNA, hujipanga nne nne, ghorofa juu ya ghorofa, na ioni ya potasiamu hukaa katikati ikizishikilia; ikikosekana, jukwaa ambalo rangi hulalia halisimami sawasawa. Kimeng'enya hakiihitaji ili kuandika RNA, ndiyo maana bafa ile ilifanya kazi yake yote isipokuwa ile niliyoitaka mimi. Niliongeza kloridi ya potasiamu hadi milimola 100.

Saa 8:40. Kijani! Kwanza hafifu, kama jani la mgomba linalotazamwa dhidi ya jua, halafu dhahiri. Mwanafunzi alitaka kuuacha mrija chini ya taa ili apige picha nyingi, nikamzuia, maana mwanga mkali huipindua rangi ikaachia aptama na mng'ao ukashuka. Ukizima taa kidogo, rangi nyingine huchukua nafasi na mng'ao hurudi. Tulipiga picha tatu, tukizima kila baada ya moja.

Saa 10:30. Niliandika "ina K" (K ni alama ya potasiamu) kwa kalamu nyekundu kwenye chupa mpya ya bafa, na kwenye ile ya zamani "haina K". Rangi iliyobaki nilirudisha kwenye friji, nikakumbuka kuigawa kwanza katika mirija midogo, ili kesho nisishinde nimefumbata mrija kiganjani.