Vitako vya fedha

Somo: Kutoka 30:11–16, 38:25–27

Nusu shekeli kwa kila mwanamume Mwisraeli: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Walihesabiwa 603,550, na fedha yao ikayeyushwa ikawa vitako 100, talanta moja kila kitako. Vilikaa chini, vikishika mbao za maskani, hema la ibada. Nani angejua nusu yake iko kitako gani?

Shule nazo zinahitaji vitako vya namna hiyo. Shule za kutwa za Kiyahudi Marekani, zinazofundisha Torati pamoja na hesabu na sayansi, huishi kwa karo nzito, na nyingi hujaziliza kwa karamu ya mwaka. Karamu ikimtegemea mfadhili mmoja, siku biashara yake inapoyumba mishahara inachelewa. Na ahadi za usiku ule, sisi wa harambee tunazijua: hupigiwa makofi, kisha hazionekani.

Talmud, mkusanyiko wa mafundisho na sheria za marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba zamani baba ndiye aliyemfundisha mwanawe. Asiye na baba hakusoma. Yehoshua ben Gamla, aliyekuwa kuhani mkuu miaka michache kabla ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, akaagiza kila mji uwe na walimu, watoto waanze na miaka 6 au 7. Baadaye Rava, mmoja wa marabi wa Talmud, akaweka idadi: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, 50 kwa wawili. Wakiwa 40 awekwe msaidizi, na mji uchangie malipo yake. Mji, si wazazi peke yao.

Chicago wana mfuko wa namna hiyo, Kehillah: watu hutoa kila mwezi, fedha hugawiwa shule kwa idadi ya wanafunzi. Tupige hesabu ya mfano. Wayahudi hupenda kutoa kwa mafungu ya 18, namba ya neno “uhai” kwa Kiebrania, ambako herufi huhesabiwa kama namba. Kaya 300 zikitoa dola 36 kwa mwezi, mwaka ni dola 129,600. Kwa wanafunzi 240, kila mmoja 540. Haifuti karo, lakini mwenye shule anaweza kuipangia bajeti mapema.

Mahali panapovuja ni padogo: kadi ya benki inaisha muda, makato yanakatika, hakuna anayepiga simu. Awepo mtu wa kuzifuatilia kila mwezi. Na wasio na watoto shuleni waombwe kwanza, maana wazazi wamekwisha kukamuliwa.

Kuhusu mikono inayoshika fedha, Talmud ni kali: wawili wakusanye, watatu wagawe. Mkusanyaji akiokota sarafu njiani, hata kama ni halali yake, asiitie mfukoni mwake. Aitie kwenye mfuko wa sadaka, akaitoe akifika nyumbani.