Nilivyoandaa mitaro ya mtaa kabla ya mvua

Kazi ya mitaro ya mtaa huwa naianza wiki sita kabla ya msimu wa mvua. Naianzia chini kabisa, pale mtaro unapomwaga maji mtoni, hata kama malalamiko yote yanatoka juu. Watu wakiona maji yameingia nyumba fulani hutaka pachimbwe hapo hapo. Mara nyingi nyumba hiyo haina kosa. Maji yamezibwa mita mia moja mbele, kwenye kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, yakarudi nyuma na kutafuta ukingo ulio mfupi kuliko mingine.

Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Tulizibua kipande cha juu kwanza kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na watu waliojitolea. Usiku ikanyesha mvua ya saa moja tu, na mchanga wote tuliokuwa tumeulegeza ukasafiri hadi chini ya barabara, ukatulia ndani ya bomba ambako koleo halifiki. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nne. Tangu hapo utaratibu ni mmoja: mdomo wa kutokea maji, kisha kalavati, kisha mtaro mmoja mmoja kwenda juu.

Kabla ya kushika koleo, napima. Nachukua kijiti kilichonyooka cha mita moja na nusu, nakichora mistari kila sentimita 10, kisha natembea kando ya mtaro nikikichomeka kila baada ya hatua ishirini mpaka kigonge zege. Naandika vitu viwili: kina cha mtaro wote, na unene wa mchanga. Alama za mahali naziandika kwa vitu visivyohama, kama nguzo ya umeme au kona ya ukuta, kwa sababu ukiandika "karibu na mti" mwakani huenda mti haupo.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyokuambia ukubwa wa kazi. Chukua mtaro wenye upana wa sentimita 40, urefu wa mita 120, na mchanga wa wastani wa sentimita 25. Hizo ni mita za ujazo 12, yaani lita 12,000, sawa na ndoo 600 za lita 20. Mchanga uliolowa una uzito wa karibu tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ndoo iliyojaa ina kilo 36 hivi. Hakuna mtu wa kuibeba ndoo hiyo asubuhi nzima bila kuumia mgongo. Jaza nusu, na uhesabu safari 1,200. Jumla inazidi tani 21, na lori la tani 7 litakuja mara nne. Ukienda ofisini bila hesabu hii utaahidiwa lori "la siku moja", lije mara moja, na rundo libaki barabarani.

Tope lililoachwa kando ya mtaro ndilo kosa ninaloliona kila mahali, na linaniuma kwa sababu watu wamelitolea jasho. Likikauka linapasuka, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Tena lina vioo, misumari na hata sindano, na watoto hulichezea. Sasa hatuanzi kuchimba mpaka lori limethibitishwa kwa siku hiyo hiyo. Likichelewa, tope linakaa juu ya turubai, angalau mita moja kutoka ukingoni, na halilali hapo.

Kalavati linahitaji subira. Hakuna mtu anayeingia ndani ya bomba, hata mtoto mwembamba aliyejitolea kwa moyo mweupe: hewa ya humo inaweza kuua, na maji yaliyozuiwa yakiachiwa hayampi mtu nafasi ya kutoka. Tunapitisha mwanzi mrefu uliofungwa kamba nene, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katikati ya kamba tunafunga kipande cha gogo kilichozungushiwa vipande vya tairi, chembamba kidogo kuliko bomba. Watu wanne upande huu, wanne upande ule, wanavuta kwa zamu. Kila mvuto unatoka na tope zito kama uji, na mara kwa mara gunia lililojikunja ambalo ndilo lililoshika kila kitu. Wanaovuta upande wa chini wasimame kando ya mdomo, kamwe wasisimame mbele yake. Gogo likigoma, lirudishwe lilikotoka. Ukilivuta kwa nguvu, kamba inakatika na sasa una kizibo kipya ndani.

Vaeni gumbuti na glovu za mpira, na jeraha lolote lifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji. Mkojo wa panya hubeba ugonjwa wa leptospirosi, ambao hupenya kwenye michubuko, machoni na mdomoni. Aliyefanya kazi mtaroni akapata homa kali na maumivu ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu, ndani ya wiki mbili au tatu, amweleze daktari kwamba alikuwa kwenye mtaro. Bila hilo dalili zake hufanana na homa nyingine nyingi.

Kuhusu ofisi, nimejifunza kutoandika barua moja yenye maombi matano. Lori la taka ni la idara moja, mfuniko wa chemba ni wa nyingine, waya unaoning'inia ni wa watu wa umeme. Barua ya maombi matano inakwama mezani kwa yule wa kwanza, naye anashughulikia lake tu. Kila ombi lina barua yake fupi: mahali kwa alama isiyohama, kipimo, picha yenye kijiti cha kupimia ndani yake, sisi wakazi tutafanya nini na lini, na tunachoomba. Sehemu ya "sisi tutafanya nini" ina nguvu kuliko malalamiko yoyote, kwani afisa anaona kazi imekwisha nusu. Nabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na cheo cha aliyepokea. Siku ya saba narudi na nakala hiyo mkononi.

Chemba zisizo na mfuniko hazisubiri barua. Nafunga mti wa mita mbili wenye kitambaa chekundu juu, ukisimama imara. Matawi ya majani hayafai, yanaelea na kuondoka, na shimo linabaki limefichwa na maji.

Viroba vya mchanga ni kwa milango iliyo chini ya usawa wa barabara. Kiroba kisijazwe zaidi ya theluthi mbili. Kilichojaa pomoni ni kigumu kama jiwe, hakilali, na maji hupita katikati. Mdomo unakunjwa na kulaliwa chini ya kiroba chenyewe, ukielekea maji yanakotoka. Panga kama matofali, kila kiungo kifunikwe na kiroba cha juu, na kila safu ikanyagwe kwa miguu kabla ya inayofuata. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Ukuta wa kiroba kimoja kimoja kwenda juu utaanguka mara maji yatakapousukuma. Na angalieni maji mnayoyazuia yanaelekea kwa nani, maana nimeona ukuta ulioiokoa nyumba moja ukaizamisha ya jirani.

Kwenye ukuta wa mtaro pale kalavatini tumechora mistari mitatu. Wa njano uko sentimita 30 chini ya ukingo, na ukifikiwa wazee, wagonjwa na watoto wadogo wanaanza kuhamishwa wakati njia ni kavu. Wa nyekundu uko sentimita 10 chini ya ukingo. Hapo filimbi inapigwa na kila mtu anaondoka. Wa tatu, mweupe, ni wa chini tu wa kuonyesha maji ya kawaida. Watu hawaamini mpaka waambiwe kwa kipimo: maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi. Swichi kuu ya umeme izimwe mapema, wakati bado unasimama pakavu. Ukiwa umesimama majini usiiguse. Waya ulioanguka ukaeni mbali nao mita 10 au zaidi.

Maji yakishapungua, visima vilivyofikiwa na mafuriko vihesabiwe vichafu. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au tumia dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 9: matone 2 kwa lita 1 ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Yakiwa na ukungu yachujwe kwanza kwa kitambaa, kisha matone 4. Maji yenye harufu ya mafuta hayatibiki kwa njia hizi, yamwagwe. Madimbwi yakaushwe kila wiki, kwa sababu yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi.

Katikati ya msimu, siku mbili tatu mfululizo zikikaa bila mvua, narudi na kijiti kile kile kwenye alama zile zile. Pakifika sentimita 15 za mchanga tunachimba tena kipande hicho pekee, tukianzia upande wa chini.