Rivasi ya gurudumu moja

Kilichoniingiza katika jambo hili ni swali la dereva wa bajaji. Ilikuwa mwezi Julai, jioni, kwenye kijiwe kimoja cha njia ya kuelekea Shangani hapa Mtwara, nami nilikuwa nimesimama kando ya gurudumu langu la umeme nikisubiri chenji ya vocha. Dereva huyo, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akinitazama nikipita asubuhi na jioni bila kusema neno, aliniuliza: "Kaka, gari lina rivasi, bajaji ina rivasi. Hilo lako rivasi yake iko wapi?" Wenzake wakacheka. Ningeweza kumjibu kwamba bodaboda zilizokuwa zimeegeshwa pembeni yake nazo hazina rivasi, lakini jibu hilo lilinijia nilipokwisha kufika nyumbani.

Ukweli ni kwamba chombo chenyewe kilikuwa na rivasi tangu siku ya kwanza. Asiyekuwa nayo ni mimi.

Kwa asiyepata kukiona, chombo hiki ni gurudumu moja tu, langu likiwa la inchi 16, lenye mota ndani ya kitovu chake, betri za lithiamu ndani ya kasha linaloligubika, na vikanyagio viwili vya kukunjwa, kimoja kila upande. Hakina usukani, hakina kiti, hakina breki ya mkono. Aliyekifanya kijulikane ni Shane Chen, mvumbuzi wa huko Marekani, aliyekuja na Solowheel mwanzoni mwa miaka ya 2010, kisha viwanda vya China vikaendelea pale alipoishia. Langu nililinunua likiwa limetumika, kwa mtu wa Dar es Salaam, likaja Mtwara kwenye buti la basi likiwa ndani ya mfuko wa salfeti, na kondakta akaniuliza kama ni pampu ya maji.

Ndani ya kasha kuna vihisi vinavyopima, mara nyingi katika kila sekunde, jinsi chombo kinavyoinama mbele au nyuma, na mota hulizungusha gurudumu upande huohuo ili lirudi chini ya uzito wa aliyesimama juu yake. Ukiegemea mbele, linakwenda mbele. Ukihamishia uzito kwenye visigino, linapunguza mwendo, linasimama, na ukiendelea kuegemea, linaanza kurudi nyuma. Mota haibagui mwelekeo. Lakini vihisi hivyo vinashughulika na mbele na nyuma peke yake. Kulia na kushoto ni kazi ya mwendeshaji, ambaye kila anapotaka kuangukia upande mmoja hulipeleka gurudumu upande huo ili limdake. Kwa safari ya mbele mwili wangu ulikuwa umeshaizoea kazi hiyo kiasi kwamba sikuwa na habari nayo. Safari ya nyuma ndiyo iliyonionyesha kwamba sikuwahi kuielewa.

Nilitafuta mahali. Mchanga wa Shangani haufai hata kidogo, na barabara ya lami ina watu na bodaboda. Jirani yetu mmoja aliniruhusu kutumia sakafu ya jengo ambalo ujenzi wake umesimama kwa miaka mingi: zege tupu la hatua ishirini kwa kumi na mbili, lenye ufa mmoja wa upana wa kidole unaolikata katikati, na ukuta mfupi upande mmoja. Nilikuwa nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kazi na kabla kusi halijaamka, kwa sababu ikishafika saa nne upepo huo humsukuma mtu aliyesimama wima kama tanga, na anayerudi nyuma kwa mwendo wa kutambaa hana nguvu ya kushindana nao.

Ule ukuta ulinipotezea wiki nzima. Nilidhani, kama wanavyodhani wengi, kwamba nikiushika kwa mkono wa kulia na kurudi nyuma taratibu mwili utazoea, kisha nitauachia. Mwili ulizoea ukuta. Kila nilipoinua kiganja sentimita mbili tu, bega la kulia lilishuka kuufuata na gurudumu likapinda. Sasa nikiulizwa na mtu anayetaka kujifunza, namwambia asiuguse ukuta isipokuwa wakati wa kupanda.

Kilichonisaidia ni bembea. Nilisimama katikati ya sakafu, mbali na kila kitu, nikaanza kwenda mbele nusu mita na kurudi nusu mita, mbele na nyuma, bila kushuka, kama mtoto anayebembezwa. Mwanzoni nilifanya hivyo nikiwa na mguu mmoja kwenye kikanyagio na mwingine chini, mpaka nyonga ikafahamu ni kiasi gani cha kuegemea kinacholigeuza gurudumu, kisha nikaweka miguu yote miwili. Siri ya bembea ni kwamba huanzi kurudi nyuma kutoka kwenye kusimama kabisa, hali ambayo kwa gurudumu moja ndiyo ngumu kuliko zote, bali unarudi nyuma kama mwendelezo wa kufunga breki. Na kufunga breki nilikuwa nakujua! Miezi yote ile, kila nilipopunguza mwendo mbele ya soko, nilikuwa nafanya nusu ya kwanza ya rivasi bila kulitambua hilo, kisha naikatiza kwa kushuka.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ni kuirefusha ile bembea ya nyuma. Nilichora mstari wa chaki kwenye ubavu wa tairi, na mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa anakaa kwetu kwa likizo, akawa mhesabuji. Tairi la inchi 16 likizunguka mara moja linakwenda takriban mita 1.3, kwa hiyo alichohitaji ni kukodolea macho ule mstari na kutaja namba. Siku ya kwanza ya hesabu alitaja "nusu" mara nyingi sana, "moja" mara tatu, na mara moja akasema "moja na kitu", jambo lililonifurahisha kupita kiasi. Siku ya nne tulifika mbili. Kisha tukakwama kwenye mbili kwa siku tano mfululizo, na kila mara ilikuwa ni vilevile: mzunguko wa tatu ukianza, gurudumu linatikisika kulia na kushoto kwa haraka, nami naruka.

Siku ya mwisho ya kukwama huko nilianguka. Nilikuwa nimekazana kuupata ule mzunguko wa tatu, nikausahau ufa, na tairi lilipoingia humo likasimama kidogo wakati mimi naendelea. Kuanguka mbele ukiwa kwenye chombo hiki mara nyingi ni hatua mbili tatu za kukimbia; kuanguka kinyumenyume hakuna hatua, mguu unapotafuta ardhi makalio yameshaikuta. Nilikaa kitako, mikono ikanitangulia nyuma, na kichwa kikafuata. Nilisikia helmeti ikigonga zege kwa mlio wa dafu lililodondoshwa. Plastiki za kinga za viganja zilikwanguka mpaka zikawa na kingo kali, na mikono yangu ilibaki salama ndani yake. Bila vitu hivyo viwili nisingekuwa na la kusimulia hapa isipokuwa habari za hospitali, na kwa kweli sijui kwa nini nilikuwa na kawaida ya kuviacha nyumbani nikienda mbele.

Jioni ya siku hiyo, nikiwa nimeketi kwa ubavu, mpwa wangu alinionyesha video aliyokuwa ameichukua kwa simu yangu. Katika fikra zangu nilikuwa naegemea nyuma mwili mzima, kama mlingoti. Katika video kulikuwa na mtu mwingine kabisa: magoti yamenyooka na kukakamaa, kifua kimeinama mbele, na sehemu ya nyuma imetokeza kama ya mtu anayetafuta kiti gizani. Yule mtoto aliizuia picha kwa kidole, akaitazama kwa makini, akasema: "Samahani Mjomba, hapa kiuno kimeshafika Mikindani, lakini kifua bado kipo Shangani." Hakuna maelezo niliyowahi kuyapata yaliyokuwa sahihi kuliko hayo. Uzito wa kiuno ulikuwa unaliambia gurudumu lirudi, uzito wa kifua unaliambia liende, na magoti yaliyokakamaa yanausafirisha ubishi huo wote hadi kwenye tairi.

Kesho yake nilikunja magoti, nikakiacha kifua juu ya kiuno, na badala ya kujisukuma nyuma nikabonyeza visigino tu, kidogo sana, kana kwamba nauzima moto wa sigara kwa kila mguu. Tukapata minne. Mpwa akarukaruka.

Kulikuwa bado na lile tikisiko, nalo lina sababu mbili ambazo nilizitenganisha polepole. Ya kwanza ni mwendo. Gurudumu linalokwenda polepole mno hutikisika, liende mbele au nyuma, na hofu ndiyo iliyokuwa inanifanya nitambae. Nilipokubali kufikia mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, nusu ya tabu iliondoka yenyewe. Ya pili ni usukani. Ukienda mbele na mwili ukalalia kushoto, unalidaka anguko kwa kuipeleka pua ya gurudumu kushoto. Ukirudi nyuma, inayotangulia si pua tena bali ni mkia, kwa hiyo mkia ndio unaopaswa kwenda kushoto, na pua inakwenda kulia. Miguu yangu, iliyofundishwa kwa miezi saba, ilifanya ile ya zamani kila nilipoogopa, na kwa kufanya hivyo iliniangusha hasa upande niliokuwa naukimbia.

Hapo mpwa wangu alijipa cheo cha utingo. Alisimama mbele yangu, akapiga ubao kwa kiganja na kuita kama wanavyoita wakati basi linaingia kwenye nafasi finyu stendi: "Rudi, rudi, rudi, kata kushoto, kata, kata, haya, rudi!" Tatizo ni kwamba alikuwa ananitazama uso kwa uso, kushoto kwake kukawa kulia kwangu, na asubuhi mbili zilipita katika mabishano kuhusu kushoto ni ya nani. Tuliafikiana atumie "baharini" na "barabarani". Sikutegemea, lakini mafunzo hayo ndiyo yaliyonifungua, kwani maneno hayo hayana uhusiano wowote na mikono yangu, na nilipoacha kuwaza kulia na kushoto, miguu ilianza kujipangia yenyewe. Baada ya wiki moja niliweza kuchora nane ndefu kwenye sakafu ile, nikiupita ule ufa kwa kukunja magoti zaidi.

Mambo ya ufundi hayakunichukua muda. Nilipunguza upepo wa tairi kutoka psi 38 hadi 32, likawa zito kidogo kugeuka na kwa hiyo tulivu zaidi. Kwenye programu ya simu nilichagua vikanyagio viwe vigumu badala ya laini, kwa kuwa katika hali ya laini visigino huzama kabla chombo hakijajibu, na kuzama huko ukiwa unarudi nyuma kunatia kiwewe. Wapo wanaopendelea laini, mimi siwezi.

La macho lilinisumbua hadi mwisho. Nikigeuza kichwa kutazama ninakokwenda, mabega yanafuata kichwa, nyonga zinafuata mabega, na gurudumu linafuata nyonga. Nisipogeuza, sioni. Kwa muda mrefu nilikaza macho kwenye mwembe ulio mbele ya jengo, nikiuangalia unavyonikimbia, na kama unakimbia wima bila kuhamia pembeni nilijua nimenyooka. Njia ninayoitumia sasa ni kugeuza shingo hadi begani upande wa kushoto kabla sijaanza kurudi, mkono wa kulia ukiwa umenyooshwa mbele ili kuyazuia mabega, na kubaki hivyohivyo hadi nisimame. Shingo inauma. Kugeuka nusu duara nikiwa katika mwendo, kutoka mbele kwenda nyuma bila kusimama, bado kunanishinda, na kwa upande wa kulia sijafika hata robo.

Mwezi Desemba, mpwa aliporudi kwa likizo nyingine na mji ukiwa umejaa malori ya korosho, tulikwenda kijiweni asubuhi ya Jumapili wakati barabara haina watu. Yeye alitangulia kukimbia nyuma yangu akiita "rudi, rudi", nami nikapita mbele ya bajaji zote kwa rivasi, mita thelathini hivi, kando kabisa ya lami, kisha nikasimama na kushuka bila kuyumba. Yule dereva alikuwa anafuta kioo. Aliacha kitambaa, akaja, akazunguka upande wa pili wa gurudumu, akainama, akalipapasa kasha kwa kidole, na kuuliza taa ya rivasi iko wapi.