Ujenzi wa programu ukigoma, zikague swichi za kompaila

Ukikuta CFLAGS (kigeu kinachobeba swichi za kompaila) imejazwa `-O3 -march=native -flto -ffast-math` na ujenzi umekwama, usiifute yote kwa hasira. Kila swichi ina namna yake ya kuharibu, na aina ya kosa mara nyingi hudokeza ni ipi.

Anza kwa `make -j1 V=1`, yaani kazi moja kwa wakati na amri kamili zikionyeshwa. Kazi zikienda sambamba, kosa halisi huzikwa katikati ya mistari isiyohusika; mstari wa mwisho kwenye skrini mara nyingi si wenyewe.

Ujumbe `Killed signal terminated program cc1plus` kwa kawaida maana yake RAM imekwisha na kerneli imeua mchakato. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i "out of memory"`, kisha punguza `-j` (idadi ya kazi sambamba) au ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM).

LTO, yaani kuboresha programu nzima wakati wa kuunganisha faili, ndiyo msumbufu mkubwa. Ukitumia `-flto`, faili za `.o` za GCC (kompaila yenyewe) hubeba GIMPLE, msimbo wake wa ndani, badala ya msimbo wa mashine, na `ar` (kifaa cha kutengeneza maktaba za `.a`) ya kawaida isiyo na plagini haioni alama zilizomo, yaani majina ya funksheni na vigeu. Maktaba ya `.a` inatengenezwa vizuri tu, halafu linka (inayounganisha faili kuwa programu) inalia `plugin needed to handle lto object`, ikifuatwa na msururu wa `undefined reference`. Weka `AR=gcc-ar RANLIB=gcc-ranlib NM=gcc-nm`, endesha `configure` upya, na usisahau `make clean`, maana `.a` ya zamani itabaki mbovu vilevile. Faili yenye asembli iliyoandikwa nje ya funksheni ipe `-fno-lto` peke yake. Ukibadilisha toleo la GCC, jenga kila kitu upya: GIMPLE ya toleo moja hukataliwa na jingine.

`Illegal instruction` katikati ya ujenzi hutokea pale mradi unapojenga kifaa kidogo na kukiendesha papo hapo, lakini faili zilikompailiwa kwa `-march=native` (maagizo ya prosesa ya mashine inayokompaili) kwenye mashine nyingine. Kuanzia GCC 11 unaweza kuandika badala yake `-march=x86-64-v2`, kiwango cha pamoja cha prosesa za x86-64. `-mtune=native`, inayopanga tu msimbo uende kasi, haina hatari hiyo.

Majaribio ya hesabu yakianguka, mtuhumiwa ni `-ffast-math`. Inaiambia kompaila kwamba NaN (tokeo la hesabu lisilo namba) haipo kabisa, basi `isnan(x)` inaweza kugeuzwa kuwa sifuri. `-Ofast` inaileta kimyakimya.

`-O3` pamoja na `-Werror` (inayogeuza maonyo kuwa makosa) huvunja ujenzi kwa maonyo ambayo `-O1` haikuyaona. Usome kwanza mstari unaolalamikiwa; onyo likiwa la uongo, tumia `-Wno-error=maybe-uninitialized`, usiondoe `-Werror` nzima.

Programu ikijengwa salama lakini ikaanguka kuanzia `-O2`, shuku msimbo wenyewe. Mfano: `*(int *)&f`, ambapo `f` ni float, unavunja sheria za aliasing (kusoma kumbukumbu ya aina moja kana kwamba ni ya nyingine); tumia `memcpy`. Jaribu `-fno-strict-aliasing`, kisha `-fwrapv` (namba kamili zikifurika zizunguke), na uendeshe na `-fsanitize=undefined`, inayotaja makosa mengi ya aina hii. Faili yenye kasoro huifahamu? Kompaili nusu ya faili kwa `-O1`, nusu kwa `-O3`, na uendelee kugawa.

`internal compiler error` (kompaila yenyewe imeanguka) inayohamahama kila ukirudia ni dalili ya RAM mbovu au joto. Pima RAM kwa memtest86+. Ikiganda palepale, ishushe faili hiyo hadi `-O1` na utume ripoti ukitumia taarifa zinazokusanywa na `-freport-bug`. Kushusha mradi mzima hadi `-O0` si suluhisho: glibc (maktaba ya C ya Linux), kwa mfano, hukataa kukompailiwa bila optimizesheni.