Waliolala Juu na Waliolala Chini

Desemba 2018 nilikuwa mhudumu wa mezani katika meli ndogo ya watalii iliyokuwa ikitoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kwenda Rasi ya Antaktika na kurudi kwa siku 10. Ndogo kwa kipimo cha meli za anasa, maana ilibeba abiria 128 tu. Usiku wa mwisho, tumeshaingia Mlango-Bahari wa Beagle na chombo kimetulia, fomu za maoni ziligawiwa pamoja na kahawa. Kazi ya kuzikusanya na kuzipanga kwa namba za vyumba ikaniangukia mimi. Hazikuwa ndani ya bahasha, nami nikazisoma.

Chumba 704 kilikuwa na fomu mbili. Mume alitoa alama 9 kati ya 10. Mkewe, aliyelala naye chumba hicho hicho na kula naye meza hiyo hiyo, alitoa 4, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba kwa siku mbili hakupata usingizi wala chakula. Nikadhani ni mambo yao ya nyumbani. Lakini kadiri nilivyozipanga karatasi zile nikaona malalamiko yanajaa upande wa vyumba vya bei kubwa, vya sitaha ya 6 na ya 7 vyenye roshani, na sifa zinatoka sitaha ya 3, kwenye vyumba vya bei ya chini vyenye dirisha dogo la duara.

Sababu yake ni ya hesabu tu. Meli ikienda mrama huzunguka kwenye mhimili ulio karibu na usawa wa maji. Ikilala digrii 20, mtu aliye mita 15 juu ya mhimili huo husogezwa kiasi cha mita 5 upande mmoja, kisha 5 upande wa pili, wakati aliye mita 3 juu yake husogea mita moja tu. Tena aliye omo, yaani mbele ya meli, au tezi, yaani nyuma, hupandishwa na kushushwa kuliko aliye katikati. Kwa hiyo mahali patulivu kuliko pote melini ni chini, katikati, ambapo wauzaji huweka bei ndogo kwa kuwa hakuna mandhari. Mpishi wetu wa mikate, mtu mzima wa Tanga, alikuwa na kauli yake kila akisikia kengele za vyumba vya juu zinamwita daktari usiku: "Mwanangu, hawa wamelipa fedha zote zile wapandishwe mlingotini."

Na Mlango-Bahari wa Drake hauna huruma na mlingoti. Kutoka Rasi ya Horn hadi visiwa vya Shetland Kusini ni kama kilomita 800, na katika latitudo zile hakuna nchi kavu inayokata upepo wa magharibi unaoizunguka dunia. Meli ikielekea kusini, mawimbi yanaipiga ubavu wa kulia, na hapo ndipo mrama unapoanza. Yalifika mita 6 siku ya pili ya safari ile. Mapezi ya kutuliza meli, yale mawili yanayochomoza ubavuni chini ya maji, husaidia chombo kikiwa na mwendo. Kapteni akipunguza mwendo kwa sababu ya bahari, nguvu yake hupungua. Akageuza kidogo ili mawimbi yaje kwa mbele. Waliokuwa wanalalamikia mrama wakapumua, na wale wa vyumba vya omo wakaanza kuvurumishwa juu na chini. Fomu mbili za huko omo zilisema nahodha hajui kazi yake. Nyingine, ya chumba cha katikati, ikamshukuru kwa mkono wake mwepesi.

Tofauti ya mume na mke wa 704 ilikuwa nyuma ya sikio. Mume alibandika kiraka cha skopolamini, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha bahari, akiwa bado hotelini Ushuaia, na dawa ile inahitaji saa kadhaa kabla haijafanya kazi. Mkewe alingoja aone kwanza kama ataumwa. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni, na kiraka ulichobandika saa hiyo kitakufaa baadaye, si sasa. Kinachobaki ni sindano ya daktari. Kwa bahati mbaya alibandika kiraka kisha akasugua jicho bila kunawa mikono. Mboni ya jicho moja ikapanuka, akaona ukungu upande mmoja, akaamini amepatwa na kiharusi. Daktari alimtuliza, ila saa zile za hofu hazikufutika kwenye fomu.

Mambo ya mezani yaliniuma zaidi, kwa kuwa nilikuwemo. Abiria mmoja aliandika kwamba kwa bei ile hakutarajia kukuta kitambaa cha meza kimelowa na kikombe kimejazwa nusu. Kitambaa tulikilowesha sisi wenyewe kwa makusudi: unakinyunyizia maji, unakipangusa kwa kiganja kishikane na meza, na sahani haitelezi hata meli ikilala. Kikombe kinajazwa nusu ili kisimwagikie mapaja ya mtu. Supu ya moto haipiti siku hizo, na kila kiti kina mnyororo mfupi chini yake unaonasa kwenye pete ya sakafuni. Usipounasa, kiti na aliyekikalia hukutana na ukuta wa upande wa pili. Hayo yote hakuna aliyemweleza. Yeye aliona uzembe. Jirani yake wa meza ile ile, mstaafu aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za mizigo, aliandika kwamba hajaona wahudumu wanaojua bahari kama sisi.

Tulipofika visiwani, ugomvi ulihamia kwenye saa za kushuka pwani. Kampuni zinazopeleka watalii Antaktika, zilizoungana katika chama chao cha IAATO mwaka 1991, zina kanuni kwamba wasizidi abiria 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na kila abiria 20 wawe na kiongozi wao. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Sisi wenye 128 tulikuwa mahali pabaya pa hesabu: hatuwezi kushusha wote mara moja. Wakagawanywa makundi mawili ya 64. Kundi moja linashuka, la pili linazungushwa majini kwa boti za mpira, kisha wanabadilishana. Meli ya watu 90 ingewashusha wote pamoja na kuwaacha muda wote. Abiria waliowahi kusafiri na meli ya namna hiyo walilijua hilo, na wao ndio waliokuwa wakali. Walichosahau kuandika ni kwamba ile meli ndogo zaidi iliwarusha zaidi kwenye Drake.

Boti moja huchukua abiria 10, mbali na dereva, kwa hiyo watu 64 ni boti 7. Kabla ya hapo kila mtu ameshavaa nguo tabaka tatu, buti la mpira na jaketi la kuokolea, amechanganuliwa kadi yake mlangoni ijulikane nani yuko nje, ametumbukiza buti kwenye beseni la dawa. Kisha ngazi ya ubavuni: mikono mitupu, mkoba mgongoni, unamshika baharia kwa kifundo cha mkono wake naye anashika chako, maana kiganja kilicholowa huponyoka. Unakanyaga ukingo wa boti, unakanyaga sakafu yake, unakaa, unajisogeza kwa makalio. Hakuna anayesimama. Mmoja akikwama kwenye ngazi kwa sababu kamera yake imening'inia shingoni, boti iliyo nyuma yake inangoja. Dakika 90 zilizotangazwa huliwa hivyo. Aliyeshuka na boti ya kwanza kwenye kisiwa cha Cuverville alikaa na pengwini hadi akachoka. Wa boti ya saba aliandika kwamba alipewa "muda wa kupiga picha tatu".

Nilikuwa nimepangwa zamu ya brashi, kusugua buti za wanaorudi. Kazi hiyo ina maoni yake, maana kinyesi cha pengwini ni chekundu kwa uduvi wanaokula, kinanasa kwenye mifereji ya soli, na hakitoki kwa maji matupu. Kisiporudishwa chote baharini pale pale, unakipeleka kisiwa kingine pamoja na magonjwa yake. Siku ya kwanza baharini abiria walikuwa wamepitishiwa mashine ya kunyonya vumbi hata kwenye mifuko ya suruali na kwenye vifungo vya kunasa, kutafuta mbegu za nyasi. Wapo waliofurahia ukali ule na kuusifu kwenye fomu. Wapo walioandika kwamba wametendewa kama washukiwa.

Kuhusu pengwini wenyewe, nusu ya manung'uniko yangeepukwa na kalenda. Mwanzoni mwa Desemba theluji bado ni safi na ya kina, pengwini wamelalia mayai. Vifaranga huanza kuonekana mwishoni mwa mwezi na Januari, nyangumi huwa wengi Februari na Machi, wakati ambapo theluji ya pwani imekwisha na badala yake pana tope na harufu. Huwezi kupata vyote. Mama mmoja alikuja na picha za vifaranga kichwani akatoa alama 5. Mpiga picha wa chumba cha pili yake alitoa 10 kwa weupe ule ule wa theluji. Theluji hiyo ilikuwa inazamisha mguu hadi gotini, na viongozi waliwalazimisha watu wafukie kila shimo la mguu wao, kwani pengwini akitumbukia humo hatoki. Mwenye goti bovu alichukia. Nadhani alikuwa na haki ya kuambiwa kabla ya kulipa.

Lakini jambo lililowagawa kweli lilikuwa Mlango wa Lemaire. Ni njia ya kilomita 11 kati ya bara na Kisiwa cha Booth, na mahali pembamba ina mita 600 hivi, majabali pande zote mbili. Usiku wa kuamkia siku hiyo kiongozi wa msafara alitangaza kwenye spika: kesho asubuhi tutapita Lemaire. Asubuhi upepo ulikuwa umesukuma barafu ukaijaza mdomoni. Ganda la meli yetu liliimarishwa kwa ajili ya barafu, ila haikuwa meli ya kuvunja barafu, na upepo ukigeuka barafu hujifunga nyuma yako pia. Mapezi yalikuwa yamerudishwa ndani yasivunjike. Kapteni aliisogeza omo taratibu hadi ikagusa vipande vya kwanza, akasimama kama nusu saa, akageuza.

Watu waliokuwa kwenye ukumbi wa mihadhara usiku ule walionyeshwa ramani ya barafu wakaelezwa kwamba huenda njia imeziba. Waliokuwa baa walisikia spika tu. Niliwahudumia pande zote mbili, kwa hiyo naweza kusema bila kubahatisha: fomu za waliohudhuria mhadhara zilisifu asubuhi ile, meli imesimama ukingoni mwa barafu, pengwini wa Adeli wanapita chini ya omo, chai na andazi la Mzee wa Tanga vinagawiwa sitahani. Za watu wa baa ziliandika "ahadi haikutimizwa". Mmoja alidai kurudishiwa sehemu ya nauli. Maneno "tutapita" yalimgharimu kiongozi yule zaidi ya barafu yenyewe. Angesema "tutajaribu" nusu ya karatasi zile zisingeandikwa.

Chakula kilisifiwa na karibu wote, isipokuwa waliotaka samaki zaidi. Hapo sina la kuongeza.

Asubuhi, saa mbili na nusu, abiria waliteremka gatini Ushuaia na mizigo yao. Meneja alikaa na fomu kwenye meza ya baa, kalamu mkononi, akizitenga mafungu mawili: linalowezekana na lisilowezekana. Barafu, mawimbi na vifaranga vilikwenda fungu la pili pamoja na alama zake. La kwanza lilikuwa fupi. Kadi ndogo iwekwe mezani siku za Drake kueleza kitambaa kilicholowa. Wito wa boti ubadilishwe, boti ya saba ya asubuhi iwe ya kwanza alasiri. Daktari azungumzie viraka kabla meli haijang'oa nanga, na kusisitiza kunawa mikono. Na henga za kabati la 704, zilizokuwa zikigongana usiku kucha kwenye mrama, zitafutiwe dawa.

Kabla ya saa sita fundi alikuwa sitaha ya 7 na roli la mkanda wa povu, anazifunga henga moja moja kwenye chuma. Nilikuwa nabadilisha glasi za roshani chumba cha pili, nikamuuliza kama hangeweza kuhamisha na chumba chenyewe chini. Akacheka. Saa kumi alasiri wapya walipanda, nami nikawabebea mizigo mikononi wale wa 704, mzee na binti yake, wakifurahia mandhari ya bandari kutoka juu kule. Bei ya chumba walikuwa wameshamaliza kuilipa, na kwenye karatasi za kampuni hapakuwa na neno lolote kuhusu mita 5 za kushoto na kulia. Nilimwonyesha binti palipo na zahanati ya daktari, sitaha ya 3, katikati.