Kumbukumbu ya mradi: mgao wa 7 umekubali bila kumbahatisha malkia wa pau

Mgao wa 7 wa seti ya mazoezi ya briji (mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili) hatimaye umekaa sawa. Kilichokuwa kinauvuruga ni karata moja ndogo: mbili ya uru iliyokuwa mezani, yaani kwenye mkono wa mwenzi wa mchezaji unaofunuliwa. Sasa iko kwa wapinzani, na mbili ya pau imechukua nafasi yake. Karata zinasomeka hivi:

Kaskazini (mezani): shupaza K J 8 4, kopa 7 5, uru A 6 3, pau A J 5 2
Kusini: shupaza A Q 10 9 5, kopa A 6, uru 8 7 4, pau K 10 4

Mkataba ni shupaza 4 (shupaza ni turufu, lazima ule mizunguko 10), Kusini anacheza, Magharibi anafungua kwa mfalme wa kopa. Za kupoteza zinahesabika haraka: kopa moja, uru mbili, na pau moja ukimtafuta malkia (Q ya pau, iliyo kwa mpinzani) upande asiokuwepo. Shabaha ya mgao ni kwamba asitafutwe kabisa. Kula kwa ree ya kopa, vuta turufu, piga ree ya uru, halafu toa kopa. Wapinzani wale kopa yao na uru zao mbili, jumla tatu, kisha wakwame. Wakicheza pau, weka ndogo nafasi ya pili na malkia hana pa kujificha, awe kwa nani. Wakicheza kopa au uru, meza inakata na Kusini anatupa pau ya 4. Turufu 5, ree mbili za kopa na uru, pau 3: mizunguko 10. Wakikupa kukata, pau zinabaki 2 na mkato wa mezani unajaza pengo.

Ilikuwa inakwama wapi? Toleo la kwanza meza ilikuwa na uru A 6 3 2 na pau A J 5. Uru sita zilizobaki nje zinagawanyika 4–2 katika takriban asilimia 48 ya migao, na 3–3 katika asilimia 35 na nusu tu. Zikiwa 3–3 raha tupu, uru ya nne ya mezani inasimama na pau inatupwa juu yake. Zikiwa 4–2, mwenye nne anakula mzunguko wa tatu kisha anatoa ya nne: meza inafuata, Kusini anakata, na hakuna kilichotupwa cha maana. Mpinzani ametoka salama, wewe umerudi palepale kwa malkia wa pau. Mpango wote mzuri, unabomolewa na karata ambayo hata haiwezi kula kitu! Meza ikiwa na uru tatu sawa na Kusini, mlango huo umefungwa.

Turufu nazo zina masharti. Zikiwa 2–2 simama baada ya mizunguko miwili. Zikiwa 3–1 vuta mitatu, meza inabaki na moja na hiyo inatosha. Zikiwa 4–0, karibu asilimia 10, ukivuta zote meza inabaki mikono mitupu na mtego haupo tena. Ukimwachia mpinzani moja, hiyo hiyo ndiyo atakayotokea akishika zamu. Hapo kubahatisha kunarudi, na mgao huu haujifanyi kulitibu hilo.

Kosa jingine la kuangalia mazoezini ni kupiga mfalme wa pau mapema “kuona kinachoanguka”. Baada ya hapo A J 5 inatazamana na 10 4, na Magharibi akicheza pau ndogo huku malkia yuko Mashariki, meza ikiweka ndogo malkia anakula, ikiweka J anamfunika. Usiguse pau. Kabisa.

Kuhusu programu: DDS ya Bo Haglund, inayotatua mgao karata zote zikiwa wazi, ni ya kasi na haikosei, lakini kwa kazi hii haikusaidii kuchagua. Inaona mikono yote minne, kwa hiyo inampata malkia popote alipo na inatoa 10 kwa toleo bovu na kwa toleo zuri vilevile. Kipimo cha kweli ni kuhamisha malkia wa pau kutoka Magharibi kwenda Mashariki na kuuliza kama mpango unabaki uleule.

Na kipimo hicho ndicho kimezaa wazo lililosimamisha mgao wa mkataba wa 3 bila turufu uliokuwa unafuata. Mgao wa 7 utakuwa na pacha. Ubao (kifaa cha kubebea mikono minne ya mgao) wa 7 mgawaji ni Kusini na pande zote ziko hatarini, yaani zawadi na adhabu ni kubwa zaidi; ubao wa 13 mgawaji ni Kaskazini, na pande zote ziko hatarini pia. Zungusha mikono nusu duara, mpe malkia mpinzani mwingine, na minadi inabaki ileile bila mtu kuutambua mgao. Atakayefanya finesi (kumchezea malkia kwa kukisia yuko upande gani) upande uleule mbao zote mbili ataanguka kwenye ubao mmoja.

Kwenye PBN (muundo wa faili za migao ya briji) andika shupaza, kopa, uru, pau kwa mpangilio huo, nukta katikati: KJ84.75.A63.AJ52. Karata ziwe za plastiki. Za karatasi, kwa vumbi la Moshi la Januari, zinagoma kuteleza mapema, na ubao wenye karata iliyokunjika kona unajulikana kabla haujafunguliwa. Mifuko minne ya kila ubao inatoka vizuri kwenye boksi gumu lililokatwa na kubandikwa, alama ya mgawaji kwa wino mweusi, nyekundu kwa upande ulio hatarini.

Kinachofuata ni kuandika pacha wa 13 na kuwapanga wapinzani ili ufunguzi wa mfalme wa kopa utoke wenyewe: mpinzani wa kushoto kwa mwenye mkataba apewe K Q J za kopa, mbao zote mbili.